Karatasi za Baba na Makabati Mawili

Nina duka la steshenari hapa Katesh, na riziki yangu inatokana na karatasi. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti, nauza madaftari na peni. Kwa hiyo nikisema kwamba karatasi za baba yangu ndizo mbaya kuliko zote nilizowahi kushika, nazungumza kama mtu wa fani. Baba aliandika sala zake nyuma ya chochote kilichomjia mkononi. Aliandika nyuma ya mitihani ya darasa la nne iliyokwisha kusahihishwa na nyuma ya kalenda za miaka iliyopita. Mifuko ya simenti aliikata kwa kisu, akachukua karatasi ya ndani na kuinyoosha kwa kuikalia wakati wa chakula. Aliandika kwa Kiiraqw, lugha yetu, kwa tahajia aliyojitungia mwenyewe, na alipofika mwisho wa karatasi hakuona sababu ya kunyamaza, akaendelea pembeni kwa kuzunguka. Ukitaka kumsoma baba lazima uigeuze karatasi kama usukani.

Alikuwa katekista wa kigango kimoja huko Tumati, tulikozaliwa. Alilima mahindi na maharage na kufuga ng'ombe wachache kama majirani zake wote, na ukatekista ulikuwa kazi ya Jumapili na ya misiba. Padre alifika mara chache kwa ubovu wa barabara, kwa hiyo baba ndiye aliyewasalisha watu, na aliwasalisha kwa namna yake. Kabla hajafungua kitabu aliomba slufay. Hiyo ni baraka ndefu ambayo wazee wetu huiomba kwenye vikao, tangu kabla dini hazijapanda huku milimani. Baba aliitunga upya. Alimweka Bwana Yesu ndani yake, akawataja wagonjwa wa kijiji, akaitaja mvua, na Mungu akamwita kwa jina la Kiiraqw, Looa. Waumini walimpenda kwa hilo. Viongozi wa kanisa wa wakati ule hawakupendezwa.

Kilichowakera zaidi ni sarufi, nami sijawahi kusikia mtu mwingine aliyepoteza kazi kwa sababu ya sarufi. Kiswahili hakijali kama unayemtaja ni wa kike au wa kiume, wote ni yeye, anakuja, ameondoka. Kiiraqw kinajali. Na kwa Kiiraqw Looa ni wa kike. Ukisema Looa anatuona, kitenzi chenyewe kinakuwa cha kike, huna pa kukwepea. Wakamwambia baba aombe kwa Kiswahili, aseme Mungu kama ilivyoandikwa kitabuni. Baba akawajibu kwamba watu wake wakiumwa usiku hawaumwi kwa Kiswahili. Wakasema anaingiza mila kanisani, wakampa mtu mwingine kazi ile. Baba hakubishana nao. Jumapili iliyofuata aliingia akaketi benchi la nyuma kabisa, na nyumbani akaendelea kuandika mpaka macho yalipomkataza.

Siku hizi kwaya zinamwimbia Looa kwa vinanda na vipaza sauti na hakuna anayeshtuka. Nikiwasikia huwa nakasirika, halafu nakasirika tena kwa sababu wimbo wenyewe ni mzuri.

Baba alikufa akiwa amesamehe. Mama yeye alibaki na neno moja kooni, nalo ni mila. Nyumbani kwetu unaweza kusema karibu kila kitu mbele ya mama, lakini usiziite karatasi zile mila. "Mila ni mahari," atakwambia. "Hizi baba yenu aliomba." Alizitunza ndani ya sanduku la mbao juu ya dari, pale moshi wa jikoni unapopita, ili mchwa wasizifikie, na zikageuka rangi ya chai kavu. Mimi niliolewa, nikahamia Katesh, nikafungua duka, na kwa miaka mingi sikuzifikiria.

Kilichonifanya nizifikirie ni matope. Mwaka ule yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kupita katikati ya mji, duka langu lilisalimika. Kuna watu hawakusalimika, na hao siwezi kuwaandika hapa, bado nashindwa. Wiki zilizofuata walionusurika walianza kuja dukani. Walitaka kopi ya cheti cha ndoa, cha ubatizo, picha ya mtoto. Nawauliza, ya kutolea kopi iko wapi? Nao wananitazama tu. Walikuwa wanaomba kopi ya kitu ambacho hakipo tena, na mimi mwenye mashine sikuwa na msaada. Nimezoea kuwafokea wateja wanaokuja na karatasi zilizokunjamana. Siku zile sikumfokea mtu.

Jirani yangu anayeuza vitenge alikuja na kiroba cha makaratasi yanayochuruzika maji. Yalikuwa vitabu vya dini ambavyo marehemu baba yake alivinakili kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, alipokuwa akifundisha watoto madrasa hapa mjini. Hakuja kutoa kopi. Aliomba sakafu. Tulisogeza viti, tukayatandaza ukurasa kwa ukurasa, tukawasha feni, tukawa tunayageuza kwa ncha za vidole kama chapati. Yale yaliyosagika kabisa aliyafunga kwa kitambaa cheupe akaenda kuyazika, kwa sababu kwao karatasi yenye jina la Mungu haitupwi. Aliporudi alikuwa amelia. Nilimpa chai, na tukiwa tunakunywa nikawaza sanduku letu kule Tumati, limekaa juu ya moto.

Mjini Mbulu kuna nyumba ya kumbukumbu inayokusanya maandishi ya zamani ya dini yaliyoandikwa kwa mkono, mahubiri na nyimbo na mafundisho, ili wanaosoma habari za dini wapate pa kuyasomea. Nilikuwa nimeisikia muda mrefu. Nilipomweleza mama aliuliza kama moto haufiki kule. Nikamwambia haufiki. Akauliza kama zitasomwa. Nikamwambia ndiyo kazi yake. "Basi peleka," akasema. "Lakini ziwekwe pamoja na sala. Zisiwekwe pamoja na mila. Ukiona zinawekwa huko, zirudishe."

Nikaenda nazo, nimezipanga kwenye majalada mapya ya dukani kwangu kana kwamba nawapeleka watoto shule.

Mtunza kumbukumbu alikuwa mwanamume wa makamo, Mwiraqw mwenzetu wa upande wa Dongobesh, aliyevaa sweta na kunawa mikono kila anapotaka kugusa karatasi. Nilikuwa nimejiandaa kutompenda, maana alisoma ng'ambo, nikashindwa. Alizipokea karatasi za baba kwa mikono miwili. Alizisoma midomo ikimchezacheza, akazigeuza zinavyotaka kugeuzwa, na alipofika kwenye mfuko wa simenti akacheka kwa furaha. "Dada, hizi ni nzuri mno," akaniambia. Kisha akainuka akaenda nazo kwenye kabati. Yalikuwepo makabati mawili ya chuma, moja limeandikwa Sala na Mafundisho, la pili Mila na Desturi. Akasimama mbele ya la pili.

"Hapana," nikasema. "Hilo silo."

"Ndilo, dada. Hii ni slufay."

"Ni sala."

"Ni slufay yenye sala ndani yake."

"Chai yenye sukari ndani yake ni chai au ni sukari?"

Alicheka tena, lakini hakusogea. Alinieleza kwa upole, na upole wake ulinichoma zaidi. Mila si tusi, alisema, wasomi wengi wakifika huanza na kabati hilo, baba yangu angesomwa zaidi humo kuliko kwenye lile jingine ambalo limejaa mahubiri yanayofanana. Nikamwambia aende Tumati akamweleze mama yangu. Akaongeza kwamba si yeye aliyetunga utaratibu. Ili maandishi yaingie kwenye Sala, lazima ijulikane yalitumika kwenye ibada, yawe na muhuri au saini ya padre, au mwandishi awe alikuwa kazini alipoyaandika. Za baba hazikuwa na muhuri wowote isipokuwa ule wa kiwanda cha simenti. Na nyingi aliziandika baada ya kuondolewa.

"Yaani walimwondoa kwa sababu ya karatasi," nikasema, "na sasa karatasi zinaondolewa kwa sababu yeye aliondolewa."

Alizirudisha mezani, akazifunika kwa kitambaa. "Nimekusikia, dada," alisema. "Zitakaa hapa mezani kwanza. Wewe nifanyie kitu kimoja, nitafsirie karatasi moja kwa Kiswahili, niwaonyeshe wakubwa zangu. Wao si wa huku, Kiiraqw hawakijui." Akanipigia picha ya karatasi mojawapo, nikaondoka nimekunja uso njiani mpaka Dareda.

Nikatafsiri dukani, katikati ya wateja. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotegemea, na ndipo ningepaswa kushtuka. Looa nikaandika Mungu. Unatuona, nikaandika unatuona. Unayetembea juu ya mashamba yetu kutwa nzima. Unayehesabu watoto wanaporudi kutoka mtoni. Yale yote ambayo kwa Kiiraqw yanamfanya Mungu awe kama mama aliyesimama mlangoni, kwa Kiswahili yalijipanga vizuri yakawa sala ya kawaida. Nikamtumia kwa simu, maneno matupu bila kueleza ni ya karatasi ipi. Kabla sijamaliza kuhudumia mteja wa picha akapiga.

"Dada, hii ndiyo tunayoitafuta! Mbona hukuileta siku ile? Hii ni sala kabisa, inaingia kabati la kwanza leo leo."

"Ni ile ile."

"Ipi?"

"Ile uliyoipeleka kwenye mila. Mstari kwa mstari."

"Ile ile?" akauliza.

"Linganisha mwenyewe. Si unayo mezani?"

Nikasikia karatasi zikichakachaka, halafu akapumua. Baada ya siku chache akapiga tena, sauti yake imejaa matumaini, akanieleza walivyoamua na wakubwa zake. Tafsiri itaingia kabati la Sala. Karatasi zenyewe, kwa kuwa ni slufay, zitaingia Mila. Kila upande utaandikwa kwamba unaurejelea mwingine. Mtu akisoma huku ataelekezwa kule. Alidhani amenipa zawadi.

Nakiri ilinivutia. Mama hawezi kutembea umbali mrefu, Mbulu asingefika. Ningemwambia, mama, maneno ya baba yamo kwenye kabati la sala, na isingekuwa uongo. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, na nilipofika Tumati Jumamosi nikajikuta namweleza kila kitu kama kilivyo, tafsiri huku na karatasi kule. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Tunaongea Kiiraqw nyumbani, na kwa Kiiraqw hakuna namna laini ya kusema jambo kama lile.

"Baba yako hakuandika Kiswahili," alisema.

"Najua, mama."

"Hayo ya Kiswahili umeandika wewe. Wewe ndiye watakuweka kwenye sala." Akaendelea kutupa mawe madogo pembeni. "Nipeleke huko."

Nikamkumbusha miguu yake. Nikamkumbusha moyo, na yale aliyoambiwa hospitali, kwamba asipande milima wala asijisumbue. Kaka yangu anayekaa naye akaingilia, akasema nyumba ile haikimbii, tusubiri kipindi cha baridi kipite. Mama akaweka ungo chini.

"Sina kipindi kingine," akasema. "Nikifika kwa baba yenu ataniuliza karatasi zake ziko wapi. Nataka niwe na la kumjibu."

Kaka akatoka nje. Mimi nilichukua ungo nikachambua maharage ambayo tayari yalikuwa safi.

Tulikodi gari. Mama alivaa gauni lake la kanisani, akajifunga kanga mbili na blanketi juu yake, maana ukungu wa mwezi ule ulikuwa umelala barabarani na dereva aliwasha taa mchana kweupe. Njia nzima hakusema neno isipokuwa kuniuliza huyo mtu wa kumbukumbu ana mke. Nikamjibu sijui, sikwenda kuposwa. Akasema ningeuliza, mtu hajulikani kwa makabati yake tu.

Tulipoingia, mtunza kumbukumbu aliinuka haraka, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Akataja ukoo wake na kijiji cha babu yake. Mama alitafakari, akamtaja mwanamke mmoja aliyeolewa huko zamani, na ikawa huyo mwanamke ni mke wa baba yake mkubwa. Chai ikaletwa. Mama akanywa nusu, akaomba kuonyeshwa. Nilimshika mkono mpaka kwenye makabati, akapapasa bati kwa kiganja.

"La sala ni lipi?"

"Hili, mama."

"Na hilo ni la mila."

"Ndiyo, mama."

"Nalo mnalifunga?"

"Tunayafunga yote mawili."

"Ni vizuri," mama akasema, na nikaona mabega ya yule bwana yakishuka. Alikuwa amejiandaa kwa vita, maana alinijua mimi tu. Mama hana hasira zangu. Alirudi kwenye kiti, akaelekeza kidole kwenye karatasi za baba zilizolala chini ya kitambaa. "Macho yangu yamekwisha. Nisomee moja."

Akanawa mikono, akachagua ule mfuko wa simenti, akasoma. Alisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Kila neno alilitamka sawasawa, alijikwaa kwenye tahajia za baba, akajirekebisha, akaendelea. Nilikaa nikiwaza kwamba wale viongozi wa zamani huenda walisomewa hivi hivi, na wangewezaje kujua. Mama alisikiliza kidogo tu.

"Basi, mwanangu. Pumzika."

Akajiweka sawa, akalaza fimbo yake magotini, akaanza mwenyewe.

Sijawahi kumsikia mwanamke akiomba slufay. Kwetu hiyo ni kazi ya wazee wanaume, na mama ni mtu wa kufuata taratibu kuliko hata padre. Lakini alikuwa ameisikia kila jioni ya ndoa yake, baba akiitunga kwa sauti kabla ya kuiandika, na ilimtoka bila kutafutwa. Haikuwa sawa na iliyo kwenye karatasi. Aliruka sehemu, aliichanganya mvua na wagonjwa, mahali fulani akawataja wajukuu zake ambao baba hakuwaona. Sauti yake ilikuwa ndogo na imekwaruza. Looa, unayetembea juu ya mashamba yetu, na kile kitenzi cha kike kikapita chumbani bila kumkanyaga mtu. Akanyamaza kidogo kuvuta pumzi.

"Eeee," yule bwana akaitika.

Hivyo ndivyo slufay inavyoombwa. Haina mwombaji mmoja. Anayeongoza akifika mwisho wa mstari, waliokaa wanaitika pamoja, sauti ya chini inayotoka kifuani, na bila kuitikiwa hawezi kwenda mbele, anabaki amening'inia. Hakuna anayekaa kukufundisha. Unazaliwa kwenye nyumba ambamo watu wanaitika, na siku moja unasikia nawe umeitika. Mimi mshangao ulinifunga mdomo. Yeye hakushangaa. Alikuwa ameweka karatasi chini na kuinamisha kichwa.

Watoto wakienda mtoni, warudi. "Eeee." Ng'ombe wakienda malishoni, warudi na matumbo mazito. "Eeee." Aliyelala kwa homa aamke aombe uji. Hapo na mimi niliitika, na sauti yangu ikatoka imepasuka. Ugonjwa ukija kwenye njia yetu usikute mlango. "Eeee." Mama aliendelea, na kila aliponyamaza yule bwana alikuwa pale pale anamsubiri, hakuchelewa hata mstari mmoja. Dereva wetu, aliyekuwa amesimama barazani na kikombe chake cha chai, naye akaanza kuitikia kutoka huko nje.

Mama alipomaliza alikuwa anahema, nikaogopa. Nikampa chai iliyobaki. Mtunza kumbukumbu alijipangusa uso kwa mkono wa sweta, akacheka cheko la mtu aliyefumaniwa.

"Samahani, mama. Ni mazoea. Nimelelewa hivyo."

"Kanisani ukisema amina si mazoea?"

Akajipangusa uso tena.

"Nikuulize, mwanangu," mama akasema. "Ulikuwa unamwitikia nani? Mimi?"

Aliitazama karatasi ya baba, halafu akatazama mikono yake. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na maneno mengi makali niliyoyatunza tangu siku ile ya kwanza, na kwa mara moja maishani nikayameza.

"Hapana, mama," akasema. "Sikuwa nakuitikia wewe."

"Basi."

Akavuta droo, akatoa kadi ngumu nyeupe, ya zile zinazobandikwa kwenye jalada. Alifikiri kwa muda, peni ikiwa juu ya kadi, kisha akaandika bila kusimama. Akapuliza wino ukauke. Hakuninyooshea mimi, alimwekea mama kiganjani, na mama akanipa.

"Ameandikaje?"

Nikasoma. "Sala. Kwa Kiiraqw. Zimeandikwa kwa mkono na katekista wa Tumati."

Mama alinitazama kana kwamba nimemtania.

"Na nani?"

"Na katekista, mama."

"Ameandika katekista?"

"Ameandika katekista."

Akamgeukia yule bwana, na yule bwana akatikisa kichwa kukubali. Akasema wakubwa zake wakiuliza atawajibu mwenyewe. Tangu siku waliyompa kazi mtu mwingine, hakuna mtu wa kanisa aliyemwita baba kwa neno lile. Hata kwenye mazishi yake walimtaja kuwa muumini tu.

"Soma tena," mama akaniambia.

Nikasoma tena. Akajifunika uso kwa kanga akalia kwa sauti, bila kujali mgeni wala dereva, akimwita baba kwa jina lake la utoto ambalo sikujua kwamba aliwahi kulitumia. Mimi nami nililia, nimeishika kadi mbali na mwili wangu ili isilowe.

Alipotulia, alijipangusa, akanishika mkono uliokuwa na kadi.

"Mara moja nyingine," akasema. "Polepole."